Theluthi Mbili za Boila

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Kupitia Maombi ya Bajeti ya Mji wa Brestovgrad inautangazia umma kwamba mwaka huu pia hakuna idara hata moja iliyopewa ilichoomba. Haya ni mafanikio makubwa. Mimi, Dobrivoje Krstić, mwenyekiti wa kamati hiyo tangu ilipoundwa, nimeombwa na baadhi ya wananchi nieleze ilikuwaje Desemba hii kikao kikafanyika sebuleni kwangu, wajumbe wamekalia viti vyangu na mimi mwenyewe nimesimama. Walioniomba walikuwa wanacheka. Mimi nitajibu bila kucheka, kwa sababu jambo lenyewe ni la kiutaratibu.

Tuanze na utaratibu, basi. Kila Novemba wakuu wa idara huja mbele ya kamati mmoja mmoja, nao huzungumza wakiwa wamesimama. Viti vipo, ila ni vya wajumbe. Mkuu wa idara husoma ombi lake, kamati humsikiliza huku ikitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha hukata theluthi. Hatukati robo, maana robo inafanana na woga. Hatukati nusu, maana nusu inafanana na chuki. Theluthi ni kipimo cha kiungwana, tena hakimlazimishi mjumbe kusoma ombi lenyewe, jambo ambalo limeuokolea mji wetu muda mwingi sana.

Wakuu wa idara wanalijua hilo, na wao pia ni waungwana, kwa hiyo huyanenepesha maombi yao kabla ya kuyaleta. Sisi tunajua kwamba wamenenepesha, wao wanajua kwamba tunajua, na mambo yanakwenda. Mwaka huu Idara ya Barabara iliomba chumvi ya kuyeyushia barafu inayotosha kukoleza supu ya nchi nzima. Idara ya Bustani iliomba benchi nyingi kuliko makalio yaliyopo mjini. Nilimuuliza mkuu wake, Bwana Gvozden, benchi zote hizo ni za nini.

"Mheshimiwa, wananchi wanachoka," alisema.

"Wote kwa mpigo?"

"Ndiyo tunajiandaa kwa hali hiyo."

Tukakata theluthi. Gvozden aliinamisha kichwa kama mfiwa, akashukuru, akatoka. Alipofika kwenye korido nilimsikia akipiga mluzi.

Baada yake akaingia Bi Desanka Perunović, mkuu wa chekechea ya mji. Alikuwa amekalia cheo hicho tangu Septemba tu, na kwa bahati mbaya hakuna aliyekuwa amempa somo. Alisimama wima mbele yetu na koti lake la theluji, akatueleza kwamba boila ya chekechea, lile dude la chini ya jengo linalochemsha maji na kuyasukuma kwenye mabomba ya ukutani, ilipasuka mwishoni mwa Oktoba. Fundi amekwenda, ameitazama, amevua kofia. Watoto wanakaa darasani na makoti. Wanachora wakiwa wamevaa glavu, na ndiyo maana ng'ombe wote wanaochorwa siku hizi wana miguu mitano.

"Kwa hiyo naomba boila moja," akamalizia.

Tukangoja. Hakuendelea.

"Moja na nini?" akauliza naibu wangu, Bwana Radiša, ambaye ni mtu mpole na alikuwa anamtafutia njia.

"Moja basi. Bei yake ndiyo hiyo, pamoja na ya fundi wa kuifunga."

"Ni boila ya namna gani hiyo?"

"Ya namna inayotoa joto."

Radiša akaniinamia sikioni. "Mwenyekiti, hili ombi mbavu zote nje. Halina hata mafuta ya kukaangia yai."

Nilimkumbusha kwamba kazi ya kamati ni kukata, kupima uzito si kazi yetu. Tukakata theluthi. Bi Desanka alitutazama mmoja baada ya mwingine, akingoja mtu aseme ni utani.

"Sasa, Mheshimiwa, theluthi mbili za boila nitazinunua duka gani?"

"Hilo ni suala la utekelezaji. Kamati haiingilii utekelezaji."

"Na watoto je?"

"Watoto ni wadau muhimu mno."

"Wadau wanatokwa makamasi, Mheshimiwa. Mwezi ujao baridi itazidi, nitalazimika kufunga. Nikifunga, mama zao wa kiwanda cha soksi watawaacha na nani? Kule ukikosa zamu mbili unaambiwa usirudi tena. Wengine wameshakosa moja."

Nilimwagiza mwandishi wa kikao aandike kwamba makamasi ya wadau yamepokelewa. Radiša, kwa huruma yake, alimsindikiza hadi mlangoni, na nikayasikia mazungumzo yao yote.

"Dada yangu, mwakani omba boila moja na nusu."

"Hiyo nusu ya nini?"

"Ya kukatwa."

"Huo si uongo?"

"Uongo! Mama yangu! Huo ni utaratibu."

Bi Desanka akaondoka bila kutushukuru. Nililiona hilo kama upungufu wa malezi, tukaendelea na Idara ya Taa za Barabarani, iliyoomba taa za kumulika taa.

Sasa ifike tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola. Siku hiyo nusu ya Brestovgrad ina slava, na nusu iliyobaki ni wageni wa hiyo nusu ya kwanza. Slava ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo: mimi nimeirithi kwa baba, naye kwa babu, na kwetu huendelea siku tatu. Hakuna mwaliko. Anayetaka kuja huja, na aliyekuja hafukuzwi, hata awe mtu mliyepelekana mahakamani kwa ajili ya ua. Wageni wakiwapo mwenye nyumba haketi. Husimama, hubeba, humimina, wala hatoki nyumbani akawaacha. Watu wengine huona tabu. Mimi niliona fahari, maana wageni wangu kwa kawaida ni wakuu wa idara, nao hawaji mikono mitupu.

Isitoshe nyumba yangu ina joto. Sijisifu, ni ukweli wa kiufundi. Nina tanuri la kuni chini ya nyumba, lenye mabomba mpaka chini ya sakafu ya choo. Kuni za majira yote ya baridi nilikuwa nimezipanga ghalani, kando ya tanuri hilo, tangu Agosti, na nilizoea kwenda kuzitazama tu.

Asubuhi ya slava, kabla hakujapambazuka vizuri, mlango ukagongwa. Nilikuwa nimeshavaa suti. Mshumaa umewashwa, ngano ya kuchemsha yenye sukari na jozi iko mezani, na samaki, kwa kuwa ni mfungo wa nyama kabla ya Krismasi, wamelala kwenye sinia na vipande vya limau. Nikafungua nikimtarajia meya. Mbele yangu alikuwa Bi Desanka, na nyuma yake, wameshikana mikono wawili wawili mpaka nje ya geti, chekechea nzima.

"Heri ya slava, mwenye nyumba!" wakaimba kwa sauti moja. Ilikuwa wazi kwamba walifanyishwa mazoezi.

"Bi Desanka," nikasema kwa sauti ya chini, "hii ni nini?"

"Ni wageni, Mheshimiwa."

"Wote hawa?"

"Slava haina mwaliko. Au mwaka huu mmekata theluthi ya wageni pia?"

Ng'ambo ya ua, jirani yangu mzee Živadin alikuwa anakokoa theluji. Akaegemea sepetu lake asikie jibu langu. Brestovgrad mtu anaweza kula lami ya barabara nzima na bado akasalimiwa sokoni, lakini akimfukuza mgeni wa slava, wajukuu wake watasimangwa kwa jambo hilo mpaka wazeeke. Nilipiga hesabu haraka, kama kazi yangu inavyonitaka.

"Karibuni," nikasema.

"Umesema vizuri, jirani!" akaitikia Živadin kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Hao ni wengi, fungua na dirisha!"

Mila inataka kila mgeni akiingia aonje kijiko kimoja cha ngano. Kila mtoto alionja kijiko kimoja, akazunguka, akarudi mwisho wa foleni, akaanza upya na uso wa mtu ambaye ndiyo kwanza anafika. Nimesimamia fedha za umma miaka mingi, na sijawahi kuona ubadhirifu uliopangika namna ile. Bakuli lilikuwa la kuwatosha wageni wa siku tatu. Liliisha kabla ya saa mbili.

"Dobrivoje, mbona umesimama hapo kama nguzo ya umeme?" mke wangu Milunka akaita kutoka jikoni. "Lete vikombe! Huyu mdogo mikono yake barafu tupu. Njoo kwa bibi, kipenzi, njoo."

Nilikuwa nimetegemea kwamba Milunka angekuwa upande wa serikali.

Walipopata joto wakavua makoti. Walipovua makoti wakatawanyika. Binti mmoja mwenye pengo la meno mawili alinijia mbio, akanivuta suruali.

"Babu! Sakafu ya choo chako ina moto!"

"Si moto. Ni mfumo wa kupasha joto sakafu."

"Tunaweza kuukalia?"

Kabla sijaandaa jibu, alikuwa ameshawaita wenzake. Somo la nyimbo la siku hiyo lilifanyika chooni, watoto wamejipanga sakafuni kuta zote, na mlango ulibaki wazi kwa ajili ya sauti ya pili. Wakuu wa idara walipowasili adhuhuri na chupa zao, hawakupata pa kukaa wala pa kujisaidia. Gvozden, mkuu wa benchi zote za mji, alikaa sakafuni akamshikia mtoto uzi wa kusokota. Meya alichungulia dirishani, akaona hali, akakumbuka kwamba alikuwa na slava nyingine.

Jioni akina mama wakaja kuwachukua watoto, bado wamevaa aproni za kiwandani. Mmoja wao, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu kwa uchovu, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akuzidishie, Mheshimiwa. Ningekosa zamu leo, ilikuwa basi tena. Kesho tuwalete saa ngapi?"

Nikafungua mdomo.

"Saa ileile, binti yangu," akasema Milunka.

Siku ya pili wakaja. Siku ya tatu wakaja, na wakaja na ndugu zao wadogo ambao hata chekechea hawajaandikishwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe utampaje mtu ambaye mpini wenyewe unamzidi urefu? Nilijipa moyo kwamba siku ya nne slava itakuwa imekwisha kisheria. Asubuhi ya siku ya nne nikasimama mlangoni, nimekunja mikono.

"Bi Desanka, slava imekwisha."

"Imekwisha kwa nani?"

"Kwa mtakatifu."

"Mtakatifu Nikola ndiye mlinzi wa watoto, Mheshimiwa. Basi toka hapo nje, utazame juu, umwambie wewe mwenyewe kwamba imekwisha. Mimi nitasubiri. Hawa watakusubiri na mimi."

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kupasua mawe. Watoto walikuwa wanatoa mvuke midomoni na kunitazama bila kinyongo chochote, jambo ambalo ni gumu kulijibu kirasmi. Nyuma yao Živadin alikuwa anakokoa theluji mahali ambapo theluji ilikuwa imeshakwisha. Nikasogea, wakapita chini ya mkono wangu.

Ilipofika siku ya sita, baada ya mlango kufunguliwa mchana kutwa na tanuri kuchochewa usiku kucha, nilikwenda ghalani nikaona ukuta. Ule ukuta wa nyuma, ambao tangu Agosti nilikuwa siuoni kwa sababu ya kuni. Roho ikaniuma, na nasema wazi kwamba iliniuma kwa ajili ya kuni kwanza. Lakini nikiwa nimesimama pale niliwasikia wakicheka juu ya kichwa changu, ndani ya joto langu, nikajua kwamba zikiisha hizi, wote watatetemeka pamoja na mimi, na mama zao watarudi nyumbani mchana kweupe bila kazi. Hapo nikatambua kuwa mji una tatizo la dharura. Nilishangaa kwa nini hakuna aliyeliwasilisha mapema.

Nikaitisha kikao maalumu cha kamati. Kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kutoka akawaacha wageni, kamati ikaja kwangu. Na kwa kuwa nyumba yenye wageni ilikuwa yangu na ombi la boila nililiandika mimi, niliwaeleza wajumbe kwamba uadilifu unanitaka nipishe uenyekiti kwa Radiša. Nilitegemea wapinge. Radiša alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu cha kuegemea.

Ombi lenyewe nililiandaa kwa ujuzi wangu wote. Mimi si Bi Desanka. Niliomba boila moja na nusu, bomba la akiba la kutolea moshi, bomba la akiba la bomba la akiba, na upembuzi yakinifu kuhusu joto. Lilikuwa ombi nono, linang'aa, la kufundishia vijana. Ukikata theluthi, boila inabaki nzima na ya chai ipo.

Wajumbe walikaa kwenye viti, Bi Desanka alikaa kwenye kochi na mtoto aliyesinzia mapajani, na watoto wengine walikaa kila mahali palipobaki. Mimi nilikuwa napita na sinia la kahawa.

"Mwombaji asogee mbele," akasema Radiša.

"Radiša, si niko hapa mbele yako?"

"Kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, Mheshimiwa."

Nikasogea mbele. Nikasoma ombi kwa kichwa, maana mikono ilikuwa na kazi. Wajumbe wakanisikiliza wakitikisa vichwa kwa masikitiko, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi tendo lile linavyoonekana kutoka upande wa pili. Halipendezi. Kisha wakanong'onezana, mmoja akaomba sukari, nikampa, wakaendelea kunong'ona.

"Kamati imeguswa sana," akasema Radiša. "Na imekata."

"Najua imekata. Theluthi. Ahsanteni. Sasa tuagize boila."

Radiša akakohoa. "Mheshimiwa, usituelewe vibaya. Wewe ndiye mwalimu wetu, kunenepesha kwako tunakujua jikoni mpaka mezani. Kwa hiyo tumeondoa mafuta kwanza, tukabaki na boila moja. Halafu ndiyo tukakata theluthi."

"Hamwezi kukata mara mbili!"

"Mara ya kwanza hatukukata, tulisafisha."

"Haijawahi kufanyika!"

"Haijawahi kutokea mwombaji tunayemjua hivi," akasema mjumbe wa sukari, kwa heshima kabisa.

Nikageuka kumtazama Bi Desanka. Nilitaka acheke, ningejua la kumfanya. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyenyeshewa mvua ileile, akavuta blanketi kidogo limfunike mtoto miguu. Huruma ile iliniuma kuliko kukatwa.

"Basi wataganda," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya kikao. "Mnasikia? Kuni zimebaki za siku mbili. Hawa wataganda, na mama zao watafukuzwa kazi, na ninyi mnakunywa kahawa!"

Yule binti mwenye pengo akaacha kutafuna.

"Hawagandi," akasema Milunka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, unga mpaka viwikoni. "Theluthi mbili mmezitoa, waheshimiwa, Mungu awalipe. Iliyobaki ataitoa mume wangu."

"Milunka!"

"Zile pesa za gari jipya, Dobrivoje. Hilo la sasa bado linawaka, nimelisikia asubuhi."

Radiša akamgeukia mwandishi wa kikao. "Andika: mchango wa hiari wa mwombaji." Kisha akanyanyuka kidogo kwenye kiti changu. "Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Wajumbe wakanyoosha. Milunka akanyoosha, unga ukamdondokea. Bi Desanka akanyoosha ule mkono ambao haukuwa chini ya mtoto. Watoto wakanyoosha wote, wengine mikono miwili, wengine na miguu, na nje ya dirisha Živadin akanyanyua sepetu.

"Wanaopinga?" akauliza Radiša, akinitazama mimi.

Sinia lilikuwa limejaa vikombe vya wajumbe, na nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili.